ATEX, IECEx au lebo ya Marekani: kuchagua vifaa vya Ex kwa depo, kiwanda cha saruji na katani mkoani Tanga

Mnunuzi wa Tanga anayetafuta taa ya gatini, mota ya pampu ya petroli au boksi la kuungia nyaya kwenye kinu cha makaa ya mawe mara nyingi huletewa bei za bidhaa za aina tatu. Ya kwanza ina alama ya Ulaya, ile heksagoni yenye herufi mbili ndani. Ya pili ina namba ya cheti cha IECEx. Ya tatu imeandikwa Class I, Division 1 kwa mtindo wa Marekani. Muuzaji atasema zote ni za Ex, yaani vifaa visivyowasha mlipuko, na zote zinafaa. Sivyo. Tofauti haiko kwenye unene wa chuma. Iko kwenye nani alikipima kifaa, alikipima kwa gesi au vumbi gani, na kama wewe uliye Tanga unaweza kuyahakiki hayo bila kumtegemea anayekuuzia.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Kwa mtambo mpya mkoani Tanga, dai cheti cha IECEx na uichukue ATEX kama nyongeza. Lebo ya Marekani ikubali pale tu ambapo mtambo mzima umejengwa kwa mfumo huo. Kabla ya kufika kwenye vyeti, kuna swali la eneo.

Eneo kwanza, katalogi baadaye

Cheti hakikusaidii mpaka ujue mambo manne kuhusu mahali kifaa kitakapofungwa: ni kitu gani kinaweza kulipuka pale, huwa hewani mara ngapi, huwaka kikifika joto gani, na hewa ya pale ina joto kiasi gani. Majibu huandikwa kwenye mchoro wa zoni (ramani inayogawa eneo kwa kiwango cha hatari), unaochorwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60079-10-1 kwa gesi na mvuke, na 60079-10-2 kwa vumbi. Depo isiyo na mchoro huo inanunua mbuzi kwenye gunia hata ikilipa bei ya juu kuliko zote.

Ndani ya tanki la petroli, juu ya usawa wa mafuta, ni zoni 0: mvuke upo muda wote au muda mrefu. Kuzunguka kipumulio cha tanki na kwenye shimo la kujazia ni zoni 1, kwa sababu mvuke hutoka kazi ikienda kama kawaida. Kuzunguka flenji na sili za pampu penye hewa ya kutosha mara nyingi ni zoni 2, ambako mvuke huja kwa nadra na kuondoka upesi. Kwa vumbi zoni ni 20, 21 na 22 kwa mpangilio uleule.

Gesi na mvuke hugawiwa makundi IIA, IIB na IIC, IIC ikiwa rahisi zaidi kuwashwa. Petroli iko kundi IIA na huhitaji daraja la joto T3, maana yake uso wa kifaa usivuke nyuzi 200 za Selsiasi. T4 ni nyuzi 135, T5 ni 100 na T6 ni 85. Kwa petroli T4 inatosha na kubaki, kwa hiyo usilipie T6 kwa sababu tu namba yake ni kubwa. Dizeli huanza kutoa mvuke wa kuwaka ikizidi nyuzi 55, ndiyo maana katika hewa ya kawaida ya Tanga si tishio kama petroli, isipokuwa ikipashwa moto au ikirushwa kama ukungu kupitia flenji iliyopasuka. Hata hivyo, banda moja likiwa na pampu za dizeli na za petroli, nunua kwa ajili ya petroli kote. Mafundi huhamisha mota kutoka msingi mmoja hadi mwingine bila kumwambia mtu.

Joto la hewa ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kibati cha kifaa (bamba lenye maelezo yake) kikiwa kimya kuhusu joto la mazingira, kifaa kimepimwa kwa nyuzi −20 hadi +40 tu. Boksi la chuma lililofungwa juani Raskazone, au taa iliyo chini ya bati la banda la pampu, huvuka 40 mchana wa Januari bila shida yoyote. Chongoleani kuna jambo la ziada. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kusafirisha mafuta yakiwa na zaidi ya nyuzi 50 kwa sababu yana nta nyingi na hugandamana yakipoa. Kipimajoto au kipima shinikizo kinachoshikana na bomba la namna hiyo hupokea joto kutoka pande mbili. Kwa pwani hii, andika kwenye oda: joto la mazingira hadi +50 au +55, na lionekane kwenye kibati chenyewe.

Mifumo mitatu ya vyeti

ATEX ni sheria ya soko la Ulaya. Inayotumika sasa ni Direktivu 2014/34/EU, iliyochukua nafasi ya 94/9/EC kuanzia 20 Aprili 2016. Inagawa vifaa vya juu ya ardhi katika kategoria tatu: kategoria 1 huingia hadi zoni 0, kategoria 2 hadi zoni 1, na kategoria 3 huishia zoni 2. Kwa kategoria 1, na kwa vifaa vya umeme vya kategoria 2, ni lazima taasisi iliyoidhinishwa ipime sampuli na kutoa cheti cha uchunguzi wa aina. Kwa kategoria 3, mtengenezaji anaruhusiwa kujitangazia mwenyewe, bila maabara ya nje kugusa chochote.

Huko Ulaya utaratibu huo una mantiki, kwa kuwa mamlaka zao zinaweza kumfuata mtengenezaji kiwandani kwake. Mnunuzi wa Tanga hana mkono mrefu hivyo. Taa ya zoni 2 yenye heksagoni na karatasi ya tamko la mtengenezaji inaweza kuwa nzuri kabisa, au inaweza kuwa taa ya kawaida ya bustani iliyobandikwa stika. Ukiitazama kwa nje huwezi kutofautisha. Kuna dalili moja unayoweza kuitumia: kifaa cha umeme cha kategoria 2 lazima kiwe na tarakimu nne baada ya alama ya CE, ambazo ni namba ya taasisi inayokagua kiwanda. Zisipokuwepo, kirudishe.

IECEx ilianzishwa 1996 na si sheria ya nchi yoyote. Ni mfumo wa kimataifa wa hiari, unaofuata viwango vya IEC 60079 moja kwa moja. Cheti chake husimama juu ya nguzo mbili: ripoti ya majaribio ya maabara, na ripoti ya ukaguzi wa ubora wa kiwanda, ambayo hurudiwa. Jambo linaloamua kwetu ni kwamba vyeti vyote viko kwenye hifadhidata ya wazi mtandaoni. Unaandika namba, unaona kama cheti kinaendelea, kimesimamishwa au kimefutwa, na unafungua hati yenyewe bila kulipa wala kujisajili. Hata kifaa cha zoni 2, kikiwa na cheti cha IECEx, kimepitia maabara ya nje.

Ukifungua hati hiyo usiishie ukurasa wa kwanza. Angalia orodha ya viwanda vinavyoruhusiwa kukitengeneza kifaa. Modeli moja inaweza kutengenezwa katika nchi mbili huku kiwanda cha nchi moja tu ndicho kilichokaguliwa. Kibati kikitaja kiwanda kisichomo kwenye orodha, cheti hakikihusu kifaa ulichokishika.

Mfumo wa Marekani hugawa maeneo kwa Class na Division. Class I ni gesi, II ni vumbi, III ni nyuzinyuzi. Division 1 hubeba kwa pamoja zoni 0 na zoni 1, na Division 2 inakaribiana na zoni 2. Makundi ya gesi yameandikwa kinyume na tulivyozoea: A ni asetilini, B hidrojeni, C ethilini, D propani na petroli. Vifaa vyenyewe mara nyingi ni imara sana, na vingi hufika bandarini vikiwa vimetumika, kwa bei ya kuvutia. Shida iko kwenye ufungaji. Mfumo huo umejengwa juu ya mabomba ya chuma ya kupitishia nyaya, yenye sili za kumiminwa zinazokaa ndani ya inchi 18 kutoka kwenye kasha. Matundu yake yana meno ya NPT, yaani meno ya mabomba ya Kimarekani. Mafundi wetu hutumia kebo zenye deraya na glandi za M20 au M25. Meno ya M20 yakilazimishwa kwenye tundu la nusu inchi la NPT yatashika kwa mizunguko miwili mitatu, yataonekana yamekaza, na njia ya mwali itakuwa wazi.

| | ATEX | IECEx | Marekani |
|---|---|---|---|
| Maabara ya nje kwa zoni 2 | Si lazima | Ndiyo | Ndiyo, kwa vifaa vilivyoorodheshwa |
| Kuhakiki ukiwa Tanga | Uombe hati kwa mtengenezaji | Hifadhidata ya wazi | Tovuti ya kila maabara kivyake |
| Matundu ya kawaida | M20, M25 | M20, M25 | NPT |
| Kinafaa zaidi | Kama nyongeza ya IECEx | Mtambo mpya | Kubadilisha kifaa ndani ya mtambo wa mfumo huo |

Vifaa vingi vizuri huja na ATEX na IECEx kwenye kibati kimoja, kwa kuwa majaribio ni yaleyale. Kwa hiyo kudai IECEx hakukufungii milango mingi.

Kibati mkononi

Chukua kibati kilichoandikwa: Ex db eb IIB T4 Gb, IP66, −20 °C hadi +55 °C, kisha namba ya cheti inayoishia na herufi X. Kisome hivi. *db* ni kasha lisilopitisha mwali, na *eb* ni usalama ulioongezwa, kwa kawaida kwenye boksi la terminali. IIB inamaanisha kinafaa kwa gesi za kundi IIB na za IIA, siyo hidrojeni wala asetilini. T4 tumeshaiona. IP66 ni kinga dhidi ya vumbi na maji. Gb ni kiwango cha ulinzi kinachoruhusu zoni 1 na 2. Ga ndicho cha zoni 0, na Gc huishia zoni 2.

Ile X ya mwisho ndiyo inayoumiza watu. Inamaanisha kuna masharti maalumu ya matumizi, na masharti hayo hayamo kwenye kibati. Yamo ndani ya cheti. Huenda yanasema boksi la plastiki lisipanguswe kwa kitambaa kikavu kwa sababu ya umeme tuli, au kebo iliyotoka nayo iungwe ndani ya boksi lingine la Ex, au vipimo vya njia ya mwali viombwe kwa mtengenezaji kabla ya matengenezo. Namba ikiishia na U badala ya X, ulichonacho ni kijenzi tu, kama terminali au kasha tupu. Hakiruhusiwi kufungwa peke yake zoni 1 mpaka kiingizwe kwenye kifaa chenye cheti kamili. Kasha tupu lenye U likijazwa breka na kontakta na fundi wa mtaani haliwi paneli ya Ex.

Ex d, Ex e au Ex i kwenye hewa ya chumvi

Huu ndio uchaguzi unaoamua gharama ya miaka kumi ijayo, kuliko hata uchaguzi wa cheti.

Ex d, lile kasha lisilopitisha mwali, hukubali kwamba gesi itaingia ndani ya kasha na italipuka. Kuta hubeba shinikizo, na gesi ya moto hutoka kupitia mwanya mwembamba wa flenji ikipoa njiani, hivyo inapofika nje haina tena nguvu ya kuwasha. Katika majaribio ya maabara mwali wa propani hushindwa kupita mwanya wa takriban milimita 0.92, na wa hidrojeni hushindwa kwenye 0.29. Mwanya unaoruhusiwa kwenye kasha halisi ni mdogo zaidi, na umo kwenye hati za cheti.

Sasa fungua kasha la alumini la Ex d lililokaa karibu na maji kwa misimu michache. Usoni mwa flenji utakuta unga mweupe wa kutu ya alumini. Fundi asiyejua huchukua msasa, akausugua mpaka chuma king'ae, kisha akapaka silikoni ili maji yasiingie. Hapo ameharibu mara mbili. Msasa umeongeza mwanya na kuacha mikwaruzo inayopitisha mwali, nayo silikoni ikiganda huzuia gesi kutoka palipopangwa. Kinachotakiwa ni kitambaa na kiyeyushi, au kikwangulio kisicho cha chuma, kisha grisi isiyoganda iliyotajwa na mtengenezaji, tena tabaka jembamba. Fila geji (kipimo cha mwanya) iingizwe pande zote nne. Uso ukiwa na mashimo ya kutu, kasha linakwenda kwenye karakana yenye sifa au linatupwa.

Bolti zirudi zote na ziwe za daraja lilelile. Ikikosekana moja, lile ni sanduku la kawaida. Glandi iingie angalau meno matano kamili. Tundu lisilotumika lizibwe kwa plagi ya Ex d ya chuma, siyo kile kifuniko cha plastiki kilichokuja nalo kutoka dukani. Kebo fupi kuliko mita 3 inahitaji glandi ya kujazwa kompaundi, kwa sababu shinikizo la mlipuko linaweza kupita ndani ya kebo yenyewe. Ukuta au bomba lisikaribie mdomo wa flenji: milimita 10 kwa IIA, 30 kwa IIB, 40 kwa IIC. Na mtu asitoboe tundu jipya. Tundu moja la drili linafuta cheti chote.

Ex e, ule usalama ulioongezwa, huenda njia nyingine: ndani ya kasha hamna kitu kinachotoa cheche wala kinachopata moto kupita kiasi, insulesheni ni bora, umbali kati ya terminali umeongezwa, na kinga ya maji na vumbi ni IP54 au zaidi. Haina njia ya mwali ya kuliwa na chumvi. Boksi la fiberglasi au chuma cha pua cha 316L lenye Ex e huishi vizuri sana pwani. Kosa lake kubwa ni terminali iliyolegea au iliyowekwa nyaya mbili wakati imepimiwa waya mmoja. Pale panapata moto, na moto huo ndio hasa Ex e ilikuja kuuzuia. Tumia spana ya kupimia mkazo na namba iliyo kwenye cheti, siyo nguvu ya mkono.

Mota ya Ex e ina masharti ambayo maduka hayasemi. Kwenye kibati chake kuna muda tE (muda ambao mota huvumilia rota ikiwa imekwama kabla ya kupata moto kupita kiasi) na uwiano wa mkondo wa kuanzia. Tuseme uwiano ni 6 na tE ni sekunde 10. Rota ikikwama, relei ya kinga lazima ikate kabla ya sekunde 10 kwa mkondo ulio mara 6 ya kawaida, ikianza baridi. Chukua grafu ya relei uipime. Bila grafu usinunue. Na ukitaka kuiendesha kwa kibadilisha kasi, mota ya Ex e lazima iwe imepimwa pamoja na kibadilishi hicho. Ex d yenye vihisi joto ndani ya waindingi, vinavyokata umeme, hukupa nafasi kubwa zaidi hapo.

Kwa pampu za depo tunapendelea *db eb*: mwili wa mota ni Ex d, boksi la terminali ni Ex e. Fundi hufungua boksi la terminali mara nyingi kuliko mwili, na akilifungua lile hagusi njia ya mwali hata kidogo.

Ex i ni ya vihisi, swichi za usawa na ala za kupimia. Inapunguza nishati ya saketi mpaka cheche yake haiwezi kuwasha gesi hata waya ukikatika. Mzizi wake ni mgodini: mlipuko wa Senghenydd huko Wales tarehe 14 Oktoba 1913 uliua wachimbaji 439, na cheche za kengele za umeme za kuashiria zilikuwa miongoni mwa vilivyoshukiwa. Utafiti wa saketi hizo ndio uliozaa wazo lenyewe. Faida yake kubwa kwa fundi ni kwamba inaruhusiwa kufunguliwa na kupimwa umeme ukiwepo. Na kwa zoni 0, ndani ya tanki, *ia*, daraja la juu zaidi la Ex i, ndiyo chaguo la kawaida.

Ex i inadai hesabu, na hesabu hiyo iwe kwenye faili. Kizuizi cha Zena (kifaa kinachopunguza volti na mkondo unaokwenda kwenye zoni) cha kawaida cha volti 28 na ohm 300 hutoa hadi mA 93 na wati 0.65. Kipima usawa kikiruhusu volti 30, mA 120 na wati 1, pande hizo tatu zimepita. Kisha kapasitansi. Kebo isiyo na data huhesabiwa nF 0.2 kwa kila mita. Mita 400 ni nF 80. Ongeza nF 10 za kifaa, jumla 90. Kwa IIC kikomo cha volti 28 ni nF 83, kwa hiyo umefeli. Kwa IIB kikomo ni nF 650, umepita kwa mbali. Petroli ni IIA, na kikomo chake ni kikubwa zaidi. Kumbe kudai IIC kila mahali "kwa usalama zaidi" kunaweza kukulazimisha kununua kebo ghali bila sababu. Fanya hivyohivyo kwa indaktansi.

Kizuizi cha Zena huhitaji ardhi isiyozidi ohm 1 hadi kwenye sehemu kuu ya ardhi. Udongo na kutu za pwani havilindi ardhi hiyo bila kupimwa mara kwa mara. Kitenganishi cha galvaniki, kinachofanya kazi ileile, hakihitaji ardhi hiyo. Kina bei kubwa zaidi, na kwa Tanga tunasema kinastahili.

Jambo moja kuhusu ala, kwa wenye matanki. Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, tanki la petroli lilifurika kwa sababu geji ya usawa ilikwama na swichi huru ya kikomo cha juu haikufanya kazi. Wingu la mvuke likalipuka. Cheti cha Ex kinasema kifaa hakitawasha mvuke. Hakisemi kwamba kitapima. Swichi ya juu ijaribiwe kwa ratiba yake yenyewe.

Makaa ya mawe na katani

Kwenye vinu vya makaa vya viwanda vya saruji adui ni vumbi, na kifaa cha gesi hakigeuki kuwa cha vumbi. Tafuta herufi *t* na kundi III: IIIA kwa nyuzinyuzi, IIIB kwa vumbi lisilopitisha umeme, IIIC kwa linalopitisha. IIIC hufunika zote tatu.

Joto huhesabiwa mara mbili, na namba ndogo ndiyo inayotawala. Uso wa kifaa usizidi theluthi mbili za joto la kuwaka kwa wingu la vumbi. Tena usizidi joto la kuwaka kwa tabaka la milimita 5 ukitoa 75. Makaa yaliyopimwa na kuonekana tabaka lake huwaka kwenye nyuzi 250 yanahitaji kifaa kisichozidi 175. Omba kipimo cha makaa unayoyachoma wewe, kwa sababu makaa ya mgodi mmoja hutofautiana na ya mwingine. Na tabaka likifika milimita 20 juu ya mota, hesabu hiyo haina kazi tena: vumbi limekuwa blanketi. Ufagio ni sehemu ya ulinzi wa Ex.

Viwanda vya katani, kuanzia Ngomeni na Muheza hadi Korogwe, havijioni kama maeneo ya mlipuko. Korona yenyewe (mashine ya kukamua majani ya katani) ni ya maji, haina shida hiyo. Chumba cha brashi na cha kufungia marobota ndicho chenye shida: manyoya ya singa huruka, hukaa juu ya mihimili, huziba feni ya mota. Kundi ni IIIA na IP5X inakubalika. Hata hivyo tungechukua IP66 na IIIC, kwa sababu tofauti ya bei kwa mota moja ni ndogo na mota hiyo kesho inaweza kupelekwa penye vumbi jingine. Chagua mota yenye mapezi mapana na kifuniko cha feni kinachofunguka kwa bolti chache, la sivyo hakitasafishwa.

Mgodini

Kundi I ni la migodi yenye gesi ya methani, yaani migodi ya makaa ya chini ya ardhi kama Kiwira, siyo machimbo ya dhahabu ya Handeni ya mwamba mgumu wala ya chokaa Maweni. Kifaa chenye alama ya Ma hubaki na umeme hata methani ikiwepo. Chenye Mb lazima kikatwe. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Penye tabaka la vumbi la makaa, uso usizidi nyuzi 150. Makasha ya kundi I hupigwa kwa nguvu kubwa zaidi maabara, na alumini yake ina kikomo, kwa kuwa alumini ikigongana na chuma chenye kutu hutoa cheche kali. Kifaa cha kundi II hakishuki mgodini kwa sababu tu ni IIC.

TBS, EWURA, OSHA

Kila mmoja anauliza swali lake. TBS, kupitia ukaguzi wa bidhaa kabla hazijasafirishwa, huangalia kama bidhaa inakidhi viwango. EWURA hutoa leseni za maghala na vituo vya mafuta, na pia leseni za mafundi umeme. OSHA husimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na chini ya sheria hiyo wajibu ni wa mwajiri. Hakuna hata karatasi moja kati ya hizo inayosema kwamba taa hii inafaa zoni hii. Hilo linasemwa na faili lako: mchoro wa zoni, cheti, hesabu za Ex i, na ripoti ya ukaguzi wa kwanza. Leseni ya fundi umeme nayo haimaanishi amesomea Ex. Dai cheti cha umahiri wa mtu cha IECEx, moduli Ex 003 kwa ufungaji, Ex 007 na Ex 008 kwa ukaguzi.

Baada ya kununua

Kwa IEC 60079-17, ukaguzi wa kina hufanyika kabla kifaa hakijawashwa mara ya kwanza. Kisha muda usizidi miaka 3 bila ushauri wa mtaalamu, na vifaa vya kuhamishika viangaliwe kwa karibu angalau kila miezi 12. Kwa vifaa vya gatini tungeanza na mwaka mmoja na kuongeza pale tu ripoti zinapotoka safi.

Mota ya Ex ikiungua, usiipeleke kwa fundi wa kuwaindi wa kona ya karibu, hata akiwa hodari kwa mota za kawaida. IEC 60079-19 hutaka data ya waindingi ya awali, insulesheni ya daraja lilelile, vipimo vya njia ya mwali kabla na baada, na kumbukumbu za maandishi. Karakana yenye sifa hubandika kibati chake: herufi R ndani ya mraba ikiwa mota imerudi sawasawa na cheti chake, au R ndani ya pembetatu iliyopinduliwa ikiwa inakidhi kiwango lakini si cheti kile tena. Mota iliyorudi bila R yoyote ifungwe nje ya zoni, kwenye pampu ya maji, na kibati chake cha Ex king'olewe siku hiyohiyo kabla haijahamishwa tena.